Sauti ya Kiti cha Nyuma

Kanyakine, Meru
14 Januari 1996

Kwako binti ya Makandi,

Nakusalimu wewe, bwanako Muriithi, na yule msichana wenu ambaye mara ya mwisho alininyang'anya kofia akaitumbukiza kwenye maji ya ng'ombe. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya watu wa redio. Migomba imezaa vizuri. Jirani bado hafungi beberu wake, mimi bado nasema nitamchinja, na sote watatu tunajua sitamchinja. Mama yako nilimwona kanisani Jumapili. Tulipungiana mikono, yeye akiwa upande wa akina mama, mimi mlangoni.

Utashangaa kwa nini nakuandikia Kiswahili na lugha ya nyumbani ipo. Kuandika nilijifunza jeshini, na mambo ya gari hili yote yako kichwani mwangu kwa Kiswahili. Nikijaribu kuyasema kwa Kimeru hayatoki.

Sasa neno lenyewe. Kanisa lina zahanati kule chini Mbeere, kwenye joto na vumbi, na mvua ikinyesha hakuna gari linalofika. Wazee wa kanisa walikuja kuniomba Landrova yangu, hili gari kuukuu la jeshi nililonunua mnadani mwaka wa themanini na tisa. Nimekubali, na dereva nitakuwa mimi, maana hakuna mwingine anayejua hila za gia zake. Zahanati imepewa redio mbili za kuitana: kubwa ya kufika mbali hadi hospitali, na ndogo ya kuongea na zahanati yenyewe kwa karibu. Wanataka zote mbili ziwe garini. Mimi nataka tena na ile simu ya ndani kama ya zamani, kila mtu na hedifoni yake, mnasemezana bila kupiga kelele. Unayajua magari ya aina hii. Ukitaka kumwambia jirani yako jambo inabidi umpige kofi kwanza.

Fundi wa redio katika ukoo mzima ni wewe. Nichoree, nitumie vifaa kwa basi, mikono yangu bado inashika bisibisi. Viti viwili tu: dereva na wa pembeni. Nyuma usiweke kitu.

Mjomba wako,
Kailemia


Embu
27 Januari 1996

Mjomba mpendwa,

Barua yako niliisoma karakanani, nikacheka hadi mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Huku tuko wazima. Msichana bado anapenda kofia, ficheni zenu. Habari kubwa ni kwamba nina mimba ya miezi mitatu, na daktari amenikataza barabara mbovu hadi nijifungue, kwa sababu ya yale yaliyonipata kwa huyu wa kwanza. Kwa hiyo siwezi kuja kufanya kazi hii mwenyewe. Itabidi mimi niwe macho na wewe uwe mikono.

Halafu, Mjomba, mimi nina jina. Tangu nizaliwe umeniita binti ya Makandi, fundi, mrefu, mwenye meno. Muriithi ananiuliza kama unalijua.

Sasa sikiliza vizuri. Gari la jeshi ni volti ishirini na nne, betri mbili zilizofungwa pamoja. Redio zinataka kumi na mbili. Usije ukavuta waya kwenye betri moja kwa kuwa ni rahisi. Moja itakufa na nyingine itachemka. Nakutumia kifaa cha kupunguza umeme, ukifunge karibu na betri. Antena ndefu iwe nyuma kulia, fupi iwe mbele kushoto. Zikikaribiana, redio moja ikisema nyingine itapiga mayowe. Waya zote za kurudisha umeme zikutane kwenye bolti moja, na rangi uikwangue hadi chuma king'ae, la sivyo utasikiliza injini ikiimba masikioni mwako siku nzima.

Kila mtu atakuwa na kisanduku chake chenye swichi ya kuzungusha, nafasi tatu: redio ya mbali, redio ya karibu, na ndani. Ukiwa kwenye redio, huwasikii walio ndani ya gari. Ukirudi ndani, unawasikia. Ni kama zile mlizokuwa nazo jeshini.

Lakini niambie, Nelius, yule muuguzi wa zahanati, atakaa wapi? Mgonjwa akilala nyuma, Nelius atakuwa nyuma. Basi visanduku ni vitatu. Nimekwisha kukitengeneza cha tatu.

Wako,
Kajuju


Kanyakine
18 Februari 1996

Fundi,

Hongera kwa mimba. Kula vizuri, na mwambie Muriithi achote maji mwenyewe, haitamuua. Huku kuna ukavu, lakini mto wetu haujakauka. Beberu amekula kola ya shati langu la kanisani, nikiwa nimelivaa.

Kazi imeendelea. Kipunguza umeme nimekifunga, bolti nimeikwangua mpaka ukijitazama unajiona mzee. Kisanduku cha dereva tayari, cha pembeni tayari. Cha tatu ulichonitumia nimekiweka juu ya kabati, Nelius anaweza kukaa mbele. Huko nyuma kuna kile kisanduku cha zamani, kilichotoka na gari kiwandani. Sijakigusa.

Lakini kuna jambo. Nilipitisha umeme kwenye waya za zamani zilizo chini ya sakafu, kwa kuwa shaba yake bado ni njema kuliko hizi za leo. Nikavaa hedifoni, nikazungusha swichi hadi kwenye ndani. Nikasikia mtu anapumua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, kuku wanapekua chini ya gari. Nikainua hedifoni sikio moja: kuku. Nikairudisha: pumzi. Inatoka nyuma. Ni pumzi ya mtu aliyeshika maiki mdomoni akingoja zamu yake ya kusema.

Wewe ni fundi. Niambie hiyo ni nini.

Mjomba


Embu
3 Machi 1996

Mjomba,

Natumaini umepata shati jingine. Mimi natapika asubuhi na kula kama mchunga ng'ombe jioni. Mama amekuja kunisaidia kwa wiki mbili, na msichana amemfanya farasi.

Hiyo pumzi usiiogope. Kisanduku cha zamani bado kimeungana na waya ulizozitia umeme, na huenda kuna maiki au hedifoni iliyosahaulika chini ya kiti. Hata spika ya sikioni hugeuka ikawa sikio lenyewe, ikachukua upepo unaopita kwenye turubai. Kama hakuna kitu kilichochomekwa, basi ni unyevu ndani ya tundu. Dawa ni moja. Chukua koleo ukate waya wa kisanduku hicho, ukitoe, ufunge changu. Ni kazi ya dakika tano.

Nilimsimulia Mama habari hizi nikidhani atacheka. Alikuwa anamenya ndizi. Aliacha kumenya, akanawa mikono, akatoka akakaa nje. Aliporudi alisema neno moja tu: "Muulize mjomba wako hilo ni gari gani."

Nimefikiri sana. Mama anakaa ng'ambo ya bonde, ukikohoa anakusikia, na tangu ulete gari hilo nyumbani kwako hajavuka geti lako. Mimi nilidhani ni mambo ya ndugu na dada. Sasa nakuuliza. Ni lile la Baba?

Kajuju


Kanyakine
31 Machi 1996

Fundi,

Mvua imeanza, na imeanza vizuri. Tumepanda maharagwe upande wa chini. Goti lilinijulisha siku mbili kabla. Mwambie mama yako ukuta wa zizi lake umeinama, nitautengeneza akinikubalia nipite.

Nimetafuta chini ya kiti kama ulivyosema. Hakuna maiki wala hedifoni. Tundu la kuchomekea nililikausha kwa kitambaa nikaliacha juani siku nzima. Nikawasha. Bado.

Nikachukua koleo. Niliingia nyuma, nikapiga magoti, nikaushika ule waya. Mkono ulikataa. Sikudanganyi, vidole vilikataa kufunga, kama vya mtu aliyelalia mkono wake. Nilikaa humo hadi miguu ikafa ganzi, kisha nikashuka nikaenda kuwalisha kuku.

Kwa hiyo nasema hivi: tuache nyuma kama palivyo. Mbele panafanya kazi. Nimejaribu redio ya karibu na zahanati wakanipata sawasawa.

Umeniuliza jambo moja. Maharagwe tumepanda yale mekundu, meupe yaliliwa na wadudu mwaka jana.

Mjomba

N.B. Ndiyo. Ni lile.


Embu
14 Aprili 1996

Mjomba,

Sisi tuko wazima. Leo sina habari za kofia.

Ninachokijua juu ya baba yangu kinatosha upande mmoja wa karatasi. Aliitwa Riungu. Alikuwa mtu wa redio katika jeshi, nawe ulikuwa dereva wake na shemeji yake. Aprili ya sitini na saba mto ulijaa ghafla kule kaskazini ukalichukua gari. Wewe ulitoka, yeye hakutoka. Mimi nilizaliwa Juni. Sauti yake sijawahi kuisikia, na ukitaka kujua kwa nini nilisomea redio badala ya ushonaji kama Mama alivyotaka, ni hapo. Nilidhani kama sauti zinasafiri hewani basi labda kuna moja imebaki mahali. Nilikuwa mtoto.

Kwa hiyo gari hilo umelileta nyumbani, umelifunika turubai miaka saba, na hukuniambia.

Sasa nikueleze la leo. Nelius alipitia karakanani kwangu wiki iliyopita. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini alikaa akanieleza. Mvua za mwaka jana walikuwa wakimpeleka mama mja mzito kwa gari la kuazima. Nelius yuko nyuma naye, damu inatoka, anahitaji gari lisimame aweze kumshika vizuri. Akapiga kelele, injini ikamshinda. Akagonga mgongo wa kiti cha dereva kwa ngumi. Dereva alidhani ni mzigo unacheza, akaendelea kupiga mluzi. Waliposimama, mwili wa yule mama ulikuwa umekwisha kupoa.

Mimi sitamfungia Nelius nyuma bila sauti. Kisanduku cha tatu kikikaa juu ya kabati, nitawaandikia wazee wa kanisa kwamba kazi haijakamilika na gari lisibebe mgonjwa. Ama ukifunge, ama uniambie kwa nini hutaki.

Kajuju


Kanyakine
2 Juni 1996

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu zimewashia moto wa chai.

Nilipofika pale uliposema dereva alidhani ni mzigo, niliiweka barua chini nikatoka nje hadi kwenye migomba. Sasa nakwambia, na ukimaliza kusoma umsomee mama yako, maana mimi siwezi kumwambia nikimtazama.

Mama yetu Karimi tulimzika Januari ya mwaka ule. Makandi alikuwa na mimba yako, na mimi nilitaka ukizaliwa msichana uitwe Karimi, mama yetu arudi haraka. Riungu alisema hapana, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mwanamume, na mama yake alikuwa Kajuju. Kwa desturi alikuwa na haki. Alijua ana haki, na hakuna mchokozi kama mtu mwenye haki aliyekaa nyuma yako safari ya siku tatu akiwa na maiki mkononi. Tulikuwa wawili tu garini. Mimi usukani, yeye nyuma na redio zake. Alikuwa anaita kama anaita kituo: "Kajuju, Kajuju, hapa ni Kajuju. Dereva, unanipata?" Halafu anacheka. Kisha anaanza tena.

Mara ya kwanza nilicheka. Ya kumi nilinyamaza. Nilikuwa na mama kaburini, miezi mitatu. Nikazungusha swichi hadi kwenye redio ya mbali, ambako hakukuwa na mtu, ni mchakacho wa upepo tu. Niliendesha kwa raha.

Gari la mbele lilikuwa limetangulia nusu saa. Liliita kwa redio ya karibu kusema mto umefurika. Riungu alisikia. Mimi sikusikia, kwa kuwa nilikuwa nimejifungia na upepo wangu. Najua alisema simama. Mtu wa redio angesema nini kingine? Halafu akagonga mgongo wa kiti changu. Nililihisi kila pigo. Mara tatu, kisha mara nyingi. Nilidhani anataka nirudishe swichi kwenye ndani tuendelee na utani. Nikatabasamu. Ndivyo nilivyoingia kwenye kona ile, nikitabasamu, na baada ya kona ni mteremko na baada ya mteremko ni maji.

Mimi nilitokea mlangoni. Nyuma turubai ilikuwa imekazwa kwa kamba, kwa sababu ya vumbi. Niliikaza mimi asubuhi ile.

Walipolivuta gari kesho yake, nilikuwa wa kwanza kuingia. Swichi ilikuwa bado imeelekea redio ya mbali. Kabla mtu mwingine hajachungulia, niliirudisha kwenye ndani. Nikawaambia wakubwa mto ulikuja ghafla. Nikamwambia mama yako hivyohivyo. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na miaka ishirini na tisa hakuna aliyejua kuhusu swichi ile ila mimi na yeye.

Gari nililiona mnadani, nikaijua namba yake. Sikuweza kumwachia mtu mwingine alitumie kubebea mahindi.

Ulizaliwa, mama yako akakupa jina ambalo Riungu alilitaka. Jina hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Kwa hiyo sikuweza. Nilikutafutia majina mengine yote. Sasa naliandika: Kajuju. Nimeliandika.

Kisanduku cha zamani nimekitoa, na nakituma kwa basi pamoja na barua hii. Sikukata waya. Nilifungua skrubu moja moja, nikimwambia ninachofanya. Ninakuomba kitu kimoja kama fundi, si kama mpwa. Nitengenezee kisanduku ambacho dereva hawezi kumzima mtu wa nyuma. Akitaka, asitake.

Usinijibu haraka. Usiponijibu nitaelewa.

Kailemia


Embu
29 Septemba 1996

Mjomba,

Nilijifungua tarehe ishirini na moja Julai, salama, msichana. Kwa desturi wa pili ni mama yangu, kwa hiyo ni Makandi, na ana mapafu ya mtangazaji. Dada yake anamwonea wivu. Muriithi anachota maji.

Najua miezi imepita. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na shughuli. Nilikuchukia. Mezani nilikuwa nikishika swichi yoyote ya kuzungusha nawaza vidole vyako. Si ile uliyozungusha barabarani, Mjomba. Hiyo hata mimi ningeizungusha, nina mume. Ni ile uliyoirudisha baada ya maji. Kwa hiyo umetuacha miaka hii yote tukiulaumu mto.

Barua nilimsomea Mama. Ilikuwa Agosti, amembeba mtoto. Alisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniomba nirudie pale tu ambapo Baba anaita. "Kajuju, Kajuju, hapa ni Kajuju." Nikarudia. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa akisema nyumbani pia, mdomo kwenye tumbo langu." Akalia kidogo, nami nikalia sana. Na hapo ndipo chuki ilipoanza kunilegea, nikuambie ukweli. Nilidhani baba yangu alikufa bila kunijua. Kumbe aliniita, na aliniita hadi akamchosha mtu.

Mama anasema Jumapili baada ya ibada uende unywe chai kwake. Anasema pia ukuta wa zizi bado umeinama, na wewe hujawahi kushindwa kutengeneza ukuta. Hajasema zaidi ya hayo, na mimi sikumvuta.

Sasa kisanduku cha zamani. Nilikiweka mezani mwezi wote sijakigusa. Nilipokifungua nilikuta mchanga, ule mwekundu wa kaskazini, umeganda kila pembe. Koili ya ndani imeoza ikakatika katikati. Nimeipima mara tatu, nikamwita fundi mwenzangu naye akaipima. Hakuna sauti inayoweza kupita humo, Mjomba. Haiwezi kuingia wala kutoka. Kilikufa siku ileile ya mto. Ile pumzi uliyoisikia haikutoka kwenye waya wowote ninaoujua.

Ulichoniomba nimekitengeneza. Kisanduku cha dereva kina swichi ya redio mbili, ya mbali na ya karibu. Nafasi ya tatu nimeiondoa. Sauti ya nyuma inaingia moja kwa moja kwenye masikio yako yote mawili, juu ya redio yoyote utakayokuwa unaisikiliza, na hakuna kitufe cha kuizima. Hata kuipunguza, nimeziba tundu. Ukichoka nayo itabidi uvue hedifoni mbele ya Nelius, na sidhani utathubutu.

Jambo la mwisho. Redioni gari haliwezi kuitwa gari tu, lazima liwe na jina la kuitwa hewani. Wazee wa kanisa waliniachia nichague. Nimewaandikia kwamba gari litaitwa Karimi. Zahanati italiita kila asubuhi saa mbili, mvua au jua. Bibi hakupata wa kurithi jina lake, kwa kuwa Mama alinizaa mimi tu na wewe hukuoa. Basi litaitwa hewani.

Kajuju


Kanyakine
24 Novemba 1996

Kajuju,

Nimekaa nikilitazama hilo neno hapo juu. Limekaa vizuri.

Mpe mkono wa pongezi Muriithi, na umwambie Makandi mdogo nitamletea asali. Makandi mkubwa nimekunywa chai kwake Jumapili tano sasa. Mara ya kwanza hatukuzungumza, tulikunywa tu. Ya pili aliniambia chai yangu inapoa. Ya tatu nilitengeneza ukuta naye akanishikia mawe. Ya nne alivuka geti langu, akalizunguka gari polepole, akaweka kiganja kwenye bodi upande wa nyuma, akakiacha hapo. Kisha akarudi kwake. Ya tano aliniuliza kama mto ulikuwa baridi, nami nikamwambia. Beberu amefungwa hatimaye, na sasa anapiga kelele mchana kutwa, ni afadhali alivyokuwa.

Visanduku vyote vitatu vimefungwa. Nilifuata mchoro wako hadi mwisho, hata pale nilipodhani umekosea, na hukuwa umekosea.

Siku ya kwanza zahanati walipoita, nilikuwa nimekaa garini hapa nyumbani, nimevaa hedifoni. Saa mbili kamili: "Karimi, Karimi, hapa ni zahanati. Unanipata?" Niliwaacha waite mara mbili. Wakafikiri redio imeharibika. Nilikuwa nasikiliza tu mtu akimwita mama yangu. Kisha nikabonyeza nikasema, "Karimi anawapata."

Tarehe tisa mwezi huu walituita kwa mama mmoja anayeitwa Wambeti, huko chini kabisa, ambako mvua ilikuwa imekata njia. Tulifika, tukamlaza nyuma, Nelius akaingia naye. Nikageuza gari. Redio ya mbali ilikuwa na hospitali, wanauliza maswali, mimi najibu, matope yanavuta usukani, injini unaijua. Nilikuwa nimejaa hadi shingoni. Kama ingekuwepo ile nafasi ya tatu, Kajuju, sijui. Nakwambia ukweli, sijui.

Halafu masikioni, juu ya hospitali, juu ya kila kitu, sauti ya Nelius, hata hakupaza:

"Mzee, simama."

Mguu wangu ulikuwa kwenye breki kabla neno halijaisha. Nikazima injini. Kimya kikatanda mpaka unasikia maji yakidondoka kutoka kwenye mibuyu. Nelius akasema, "Asante. Usiondoke." Sikuondoka. Nilishika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa. Nilimsikia Wambeti akivuta pumzi, nikamsikia Nelius akimtuliza, kisha nikasikia mtoto. Alilia masikioni mwangu yote mawili kwa nguvu hata ikauma. Sikuvua hedifoni. Nililia hapo kama mjinga, na maiki yangu ilikuwa wazi, kwa hiyo Nelius alinisikia pia. Baadaye alisema tu, "Sasa twende polepole."

Mama na mtoto ni wazima.

Hukuniuliza, lakini najua ungetaka kujua kama bado naisikia ile pumzi. Nikibeba watu, hapana. Nikirudi peke yangu na nyuma ni tupu, ndiyo, mara nyingine. Kisanduku ni kipya na waya ni mpya, na maiki ya nyuma imening'inia kwenye ndoano yake. Sikuombi uitafutie dawa. Sina pa kuizimia, na hata ningekuwa napo nisingeizima. Huwa naendesha tu. Juzi nilimwambia, "Riungu, nakupata."

Daktari sasa amekuruhusu barabara. Njoo Krismasi na watoto. Nitakuja kukuchukua Embu mwenyewe kwa Karimi. Nitaendesha polepole, na wewe usikae mbele. Kaa nyuma, pale alipokuwa, uvae hedifoni, useme chochote unachotaka njia nzima, hata kama ni upuuzi, hata kama ni jina lako tu mara mia.

Nitakusikia.

Mjomba wako,
Kailemia